Kivumbasi na Karafuu: Elimu ya Majani katika Utamaduni Wetu

Utangulizi

Mara nyingi tunapotaja utamaduni wa taifa, fikra zetu huenda kwanza kwenye ngoma, nyimbo, mavazi, michongo na mashairi. Hizo ni sehemu za utamaduni, tena ni sehemu tukufu. Lakini utamaduni wa watu ni jumla ya maarifa yote waliyoyapata katika kupambana na mazingira yao: namna ya kulima, namna ya kujenga, namna ya kuhifadhi chakula, namna ya kulea watoto na namna ya kutibu maradhi. Ngoma huchezwa uwanjani na kila mtu akaiona. Elimu ya majani hukaa kimya katika vichwa vya wazee, na mzee anapofariki bila kuulizwa, elimu hiyo huzikwa pamoja naye. Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya sehemu moja ndogo ya elimu hiyo, nayo ni elimu ya mmea uitwao kivumbasi na mafuta yenye harufu kali yaliyomo katika majani yake.

Tunaanzia Kinampanda. Kinampanda ni kata katika wilaya ya Iramba, mkoa wa Singida, juu ya uwanda wa Iramba ambao kwa upande wa magharibi huteremkia mbuga ya Wembere. Hatukupachagua kwa sababu kivumbasi hakioti kwingine, maana mmea huu huota katika sehemu nyingi sana za nchi yetu. Tumepachagua kwa kuwa Kinampanda ni mahali pa walimu. Hapo pana chuo cha ualimu, na kutoka hapo vijana wengi wametawanyika kwenda kufundisha. Mwalimu ndiye asimamaye kati ya mzee ajuaye jani na mtoto ajuaye kusoma. Akisema kwamba jani lile ni ushenzi, mtoto ataamini. Akisema kwamba jani lile huponya kila ugonjwa, mtoto ataamini vilevile. Swali letu basi ni hili: mwalimu aseme nini kilicho kweli?

Mmea na Matumizi Yake

Kivumbasi, ambacho wengine hukiita mrumbasha, ni kichaka kidogo kipatacho urefu wa mtu au pungufu kidogo. Mashina yake huwa magumu kama kuni kwa upande wa chini, majani yake yana meno pembezoni, na maua yake madogo hupangika juu ya vijiti vilivyosimama. Hakihitaji kubembelezwa. Huota kando ya njia, kwenye mahame, katika mashamba yaliyolazwa na nyuma ya nyumba. Ukilifikicha jani lake kwa vidole, harufu huruka mara moja, na mtu aliyewahi kushika karafuu hukumbuka karafuu.

Mmea huu ni ndugu wa rihani, ile ambayo wanawake wa pwani hutia katika kikuba pamoja na asumini. Wataalamu wa mimea wameuweka katika jamii iitwayo Ocimum. Linnaeus wa Uswidi, katika kitabu chake cha mwaka 1753, aliupa mmoja wao jina la gratissimum, neno la Kilatini lenye maana ya kitu kipendezacho mno. Kivumbasi cha kwetu kiliandikwa kwa muda mrefu kwa jina la Ocimum suave, hadi wataalamu wa baadaye walipokiunganisha na kile cha Linnaeus. Majina hayo yameingia vitabuni kutoka Ulaya, lakini matumizi ya mmea yalijulikana hapa kabla ya majina hayo kufika.

Matumizi yenyewe yaweza kugawanywa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la kufukuza wadudu. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki watu wameweka matawi ya kivumbasi ndani ya nyumba au kuyachoma jioni ili moshi wake uwafukuze mbu. Fungu la pili ni la ghala: majani huchanganywa na nafaka au kunde ili bungua wasitoboe. Fungu la tatu ni la tiba: majani huchemshwa na mgonjwa wa mafua au kikohozi akajifukiza, au maji yake yakanywewa kwa maumivu ya tumbo, au majani yaliyopondwa yakawekwa juu ya kidonda. Mtu akiyatazama mafungu hayo matatu haraka, ataona mambo yasiyohusiana. Mbu, bungua na kidonda vina uhusiano gani? Jibu la swali hilo limo ndani ya tone moja la mafuta.

Mafuta Tete

Mimea ina mafuta ya namna mbili. Namna ya kwanza ni mafuta ya kula, kama ya alizeti, zao ambalo Singida yajulikana kwalo. Mafuta haya hukamuliwa kwenye mbegu, na tone lake likidondoka juu ya karatasi huacha doa lisilokauka. Namna ya pili ni mafuta tete, yaani mafuta yapaayo hewani. Tone lake juu ya karatasi hutoweka baada ya muda na kuacha harufu tu. Mmea huyatunza katika vifuko vidogo mno vilivyo juu ya jani, na hutumia nguvu yake nyingi kuyatengeneza, kwa kuwa hayo ndiyo silaha yake dhidi ya wadudu, ukungu na vijidudu viulavyo mmea. Kwa hiyo binadamu hakubuni silaha hiyo. Aliiona mikononi mwa mmea, akaiazima.

Njia ya kuyatoa mafuta hayo yafahamika tangu zamani. Waajemi na Waarabu wa karne za kati waliiendeleza sana katika kutengeneza marashi ya waridi, ambayo watu wetu wa pwani huyanyunyiza kwa mrashi katika harusi na maulidi. Majani huwekwa katika chombo kilichofunikwa, mvuke wa maji ukapitishwa kati yake, mvuke ukabeba mafuta, kisha ukapitia katika bomba lililopozwa kwa maji baridi. Mvuke ukigeuka maji, mafuta hujitenga. Mafuta mengi ya namna hii huelea juu ya maji. Mafuta ya karafuu huzama, kwa kuwa ni mazito kuliko maji. Kilo moja ya majani mabichi hutoa mililita chache tu. Lakini yafaa tukumbuke kwamba mgonjwa aliyejifunika shuka juu ya chungu cha majani yachemkayo naye alikuwa akifanya kazi ileile: mvuke ulibeba mafuta, isipokuwa badala ya kupita katika bomba, ulipita katika pua yake.

Karafuu ya Visiwani

Wanakemia walipoyapima mafuta ya kivumbasi cha Tanzania, walikuta kwamba sehemu yake kubwa ni kitu kiitwacho yujenoli. Kitu hichohicho ndicho kifanyacho kiasi cha asilimia 70 hadi 90 ya mafuta ya karafuu. Basi kichaka cha kando ya njia huko bara na mti ulioleta utajiri wa Unguja na Pemba vinabeba kitu kimoja. Hapa historia yatupa somo, maana mimea hiyo miwili ilipokewa kwa namna mbili tofauti kabisa.

Karafuu si mti wa asili ya kwetu. Asili yake ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo. Waholanzi waliihodhi biashara yake kwa muda mrefu, hadi mwaka 1770 Pierre Poivre, Mfaransa, alipofanikiwa kupata miche na kuipeleka katika visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa chini ya Ufaransa. Kutoka huko ilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Mapokeo humtaja Saleh bin Haramil kuwa ndiye aliyeileta. Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala tangu 1806 hadi 1856, aliwahimiza wenye mashamba waipande kwa wingi, na katika nusu ya pili ya karne hiyo visiwa hivyo vikawa mzalishaji mkubwa wa karafuu kuliko nchi zote duniani. Kazi ya kupanda, kupalilia na kuchuma ilifanywa na watumwa, wengi wao wakiwa wametolewa bara. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikashika nafasi ya kwanza.

Karafuu iliandikwa katika vitabu vya forodha. Ilipimwa, ikatozwa ushuru, ikatungiwa sheria. Mafuta yake yalikwenda kwa madaktari wa meno wa Ulaya, waliochanganya yujenoli na unga wa oksidi ya zinki kuzibia meno yaliyooza, na dawa hiyo hutumika hadi leo. Hata makonyo, yaani vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa, yalipata thamani, na huko Wawi, kisiwani Pemba, kiko kiwanda cha kuyakamua. Wakati huohuo kivumbasi, chenye yujenoli ileile, kiliendelea kuitwa gugu. Tofauti haikuwa katika uwezo wa mimea. Ilikuwa katika nani aliyeutazama, na kwa macho gani.

Macho ya Wakoloni

Wajerumani walipofika Iramba waliona dhahabu. Machimbo ya Sekenke, upande wa chini wa uwanda wa Iramba, yalifunguliwa katika utawala wao, na mwaka 1916, vita ilipowakata na nchi yao, dhahabu ya Sekenke ilitumika kutengenezea sarafu za rupia 15 mjini Tabora, zenye sura ya tembo. Wakusanyaji wa sarafu duniani wanaijua Sekenke kwa sababu hiyo. Hatusemi kwamba wakoloni hawakujali mimea. Mwaka 1902 walianzisha kituo kikubwa cha utafiti huko Amani, katika milima ya Usambara, na miongoni mwa miti waliyoipanda ni mkwinini, uliotoka Amerika ya Kusini. Katika Vita Kuu ya Kwanza, magome ya miti hiyo yaliwapa askari wao dawa ya malaria wakati meli hazikuweza kuwaletea. Kwa hiyo walijua vyema kwamba gome la mti laweza kuokoa jeshi. Na mkwinini wenyewe ulijulikana kwanza kwa watu wa Amerika ya Kusini kabla Ulaya haijaujua. Lakini maarifa ya watu waliokuwa mbele yao hapa hawakuyapa uzito huohuo.

Chini ya Waingereza hali ilichanganyika zaidi. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilikusudiwa kuzuia madhara ya uchawi, lakini katika fikra za watu wengi mganga wa majani na mshirikina walitiwa katika kapu moja. Huko Iramba wamisionari wa Kilutheri kutoka Marekani walifanya kazi tangu miaka ya 1920, na hospitali ya Kiomboi ni sehemu ya urithi wao. Haifai kudharau kazi hiyo. Chanjo, upasuaji na uzazi salama viliokoa maisha ambayo jani lisingeweza kuyaokoa. Hata hivyo, pamoja na faida hizo, kijana wa shule katika nchi yetu alijifunza jambo jingine bila kuambiwa waziwazi: kwamba ajuacho bibi yake si elimu. Alijua jina la mto wa Ulaya na hakujua jina la kichaka kilichoota nyuma ya darasa.

Baada ya Uhuru

Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipokuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa wizara iliyoshughulikia utamaduni wa taifa na vijana. Mwaka 1967, katika maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea, alilalamika kwamba shule zilimfundisha mtoto kuamini kuwa maarifa yote yenye maana hutoka vitabuni au kwa watu waliosoma, na hivyo kuyadharau maarifa ya wazee. Maneno hayo yaliihusu elimu ya kilimo, lakini yanaihusu elimu ya tiba pia.

Hatua za vitendo zilifuata. Mwaka 1974 kilianzishwa huko Muhimbili, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kitengo cha utafiti wa dawa za asili, nacho mwaka 1991 kikawa taasisi kamili. Mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata kuhusu afya ya msingi ulizitaka nchi zitambue mchango wa waganga wa jadi. Kati ya 1982 na 1983 watafiti wa Tanzania na Uswidi walichapisha orodha ndefu ya mimea itumiwayo kwa tiba nchini, pamoja na majina yake na matumizi yake. Mwaka 2002 Bunge lilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, iliyounda baraza la kusimamia kazi hiyo.

Kivumbasi nacho kilipata zamu yake. Mwaka 1981 wanakemia J. B. Chogo na G. Crank walichapisha uchunguzi wa mafuta ya kivumbasi cha Tanzania, wakaonyesha yujenoli iliyomo na uwezo wake wa kufukuza mbu. Mwaka 1990 watafiti wa kituo cha ICIPE cha Nairobi, akiwamo Ahmed Hassanali, walichapisha kazi iliyoshughulikia kivumbasi na karafuu kwa pamoja, kwa kuwa vyote viwili hutumiwa na wakulima wa Afrika ya Mashariki kulinda nafaka. Waliona kwamba yujenoli ni miongoni mwa vitu viwafukuzavyo bungua wa mahindi. Mwaka 2008 yalichapishwa majaribio yaliyofanywa kaskazini mwa Tanzania, ambamo mimea ya jamii ya kivumbasi ilipunguza kuumwa na mbu. Bibi aliyechanganya majani na nafaka yake hakulijua neno yujenoli, lakini kazi ya yujenoli aliijua.

Kuua Vijidudu na Kuzuia Uharibifu

Sasa tutazame fungu la tatu, lile la tiba, maana ndilo lenye mabishano. Namna ya kupima yenyewe si ya siri. Mtafiti huchukua sahani ya kioo yenye rojo la lishe, akapanda juu yake bakteria wa aina moja, kisha akaweka katikati kipande kidogo cha karatasi kilicholoweshwa mafuta. Siku ya pili bakteria huwa wameenea sahani nzima kama utando. Ikiwa mafuta yana nguvu, kuzunguka kile kipande hubaki duara tupu ambamo bakteria wameshindwa kuota. Duara likiwa pana, nguvu ni kubwa zaidi.

Kipimo cha namna hii, pamoja na vingine vilivyo makini zaidi, vimefanywa mara nyingi. Huko Nigeria, mwaka 1969, watafiti walichapisha uchunguzi wa mmea huuhuu, ambao watu wao huutumia kwa maradhi ya kuhara. Huko Brazili, mwaka 1999, mafuta yake yenye yujenoli yalionekana kuwazuia bakteria wa usaha waitwao Staphylococcus aureus, na pia aina za bakteria waletao kuhara damu na maradhi mengine ya tumbo. Lakini bakteria mmoja, Pseudomonas aeruginosa, ambaye hushambulia vidonda na kuwasumbua wagonjwa mahospitalini, hakuzuilika. Sababu ya nguvu hiyo yaeleweka kiasi: yujenoli huingia katika utando mwembamba uizungukao seli ya bakteria, ikautoboa, na vilivyomo ndani vikavuja. Bakteria wenye ngozi ya ziada, au wenye njia ya kuisukuma sumu nje, hustahimili.

Uwezo wa pili ni ule wa kuzuia uharibifu uletwao na oksijeni. Kila mtu wa Singida anajua kwamba mafuta ya alizeti yakiachwa wazi juani hubadilika harufu na kuwa na ladha mbaya. Kilichotokea ni kwamba oksijeni ya hewa imeyashambulia. Shambulio hilo huendeshwa na chembe ambazo elektroni yake moja imebaki pweke, bila mwenziwe. Chembe hiyo humpora jirani, jirani naye akabaki na upweke uleule na kumpora mwingine, na mnyororo ukaendelea. Yujenoli ina uwezo wa kuitoa haidrojeni yake kwa chembe ile pweke, kisha yenyewe ikatulia bila kumpora mwingine, na mnyororo ukakatika. Maabara huupima uwezo huu kwa maji ya rangi ya zambarau ambayo hugeuka njano mnyororo ukatikapo. Mashambulio ya namna hii hutokea hata ndani ya miili yetu, na ndiyo maana wataalamu wengi wanavutiwa na vitu vya jamii hii.

Mipaka ya Jani

Mpaka hapa msomaji aweza kufurahi na kusema kwamba wazee walikuwa sahihi, tena kila walichosema ni kweli. Hapo ndipo tunapomwomba asimame kidogo. Usahihi wa sahani ya kioo si usahihi wa mwili wa binadamu. Mafuta yanayoua bakteria juu ya sahani, yakinywewa, hupita tumboni, hubadilishwa na ini, huchanganyika na damu, na mara nyingi hayafiki mahali pa ugonjwa kwa kiasi kinachotosha. Kadhalika kitu chenye nguvu ya kutoboa seli ya kijidudu chaweza kutoboa seli zetu. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa huunguza ngozi ya kinywa, na mtoto mdogo akiyanywa yaweza kuliharibu ini lake. Jani lililochemshwa na mafuta yaliyokamuliwa ni vitu viwili tofauti: tone moja lina nguvu ya majani mengi.

Tena kuna jambo ambalo mganga mzoefu alilijua na maabara imelithibitisha, nalo ni kwamba kivumbasi si kimoja. Mmea wa sura ileile, ukichumwa mahali pengine, waweza kuwa na thaimoli nyingi badala ya yujenoli, na mwingine ukawa na vitu vingine kabisa. Aina nyingine, itokayo Kilimanjaro na kupewa jina la mlima huo, hujulikana kwa kafuri, ambayo watu wa pwani huiita karafuu maiti. Basi dawa iliyofaa bondeni huenda isifae mlimani, na mtu asiyejua tofauti hiyo atasema leo kwamba dawa ni kweli na kesho kwamba ni uongo.

Historia ya karibuni imetuonyesha gharama ya kusahau mipaka hiyo. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mti kilichosemwa kuponya maradhi makubwa, na wapo walioacha dawa za hospitali na kudhurika. Mwaka 2020, ugonjwa wa Uviko-19 ulipoingia, watu wengi walijifukiza kwa majani. Mvuke wa majani huzibua pua na kumpa mgonjwa faraja, na faraja si kitu cha kubeza. Lakini haikuthibitishwa kwamba ulikiua kirusi ndani ya mapafu. Vivyo hivyo moshi wa kivumbasi hauchukui nafasi ya chandarua, wala maji ya majani hayachukui nafasi ya dawa ya malaria.

Basi kuna namna mbili za kuidhalilisha elimu ya wazee. Ya kwanza ni kuidharau bila kuipima, na hiyo ilikuwa dhambi ya ukoloni. Ya pili ni kuisifu bila kuipima, na hiyo ni dhambi yetu wenyewe. China imetoa mfano wa njia ya tatu. Tu Youyou na wenzake, katika miaka ya 1970, walisoma katika kitabu cha kale cha Ge Hong habari za mmea wa pakanga uliotumiwa kwa homa. Waliona kwamba kuuchemsha huharibu nguvu yake, kama kitabu kilivyodokeza kwa kusema uloweshwe na kukamuliwa, wakabadili njia, wakaipata artemisini. Dawa hiyo imeokoa watu wengi sana wa Afrika, na mwaka 2015 Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel. Aliheshimu kitabu cha kale kwa kukipima.

Mali Bila Daftari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 1995 chuo kimoja cha Marekani kilipewa hataza juu ya kutumia manjano kuponya vidonda, jambo ambalo mama yeyote wa India angeweza kulieleza. India iliipinga, na mwaka 1997 hataza hiyo ikafutwa. Ilishinda kwa kuwa iliweza kuonyesha maandishi yaliyothibitisha kwamba matumizi hayo yalijulikana tangu zamani. Sisi tungeonyesha nini juu ya kivumbasi cha Iramba? Makubaliano ya Nagoya ya mwaka 2010, yaliyoanza kutumika mwaka 2014, yanataka wenye maarifa ya mimea wapate sehemu ya faida itokanayo nayo. Lakini hakuna awezaye kugawiwa faida ya elimu ambayo haikuandikwa popote na ambayo mwenyewe amefariki.

Faida yenyewe yawezekana. Huko Kakamega, Kenya, wakulima waishio kando ya msitu, wakisaidiwa na watafiti, walianza kulima kile kivumbasi chenye kafuri, wakakamua mafuta yake na kutengeneza dawa ya kuchua iliyouzwa madukani. Walipata kipato bila kuufyeka msitu. Kwetu methali inayofaa ni ile isemayo kwamba penye miti hapana wajenzi.

Hitimisho

Tulianza kwa kuuliza mwalimu aseme nini. Twaona sasa kwamba jibu lake lina sehemu tatu. Aseme kwamba wazee wetu walichunguza, na kwamba katika kivumbasi walikuta kitu cha kweli, kilekile kilichoifanya karafuu kuwa mali ya falme. Aseme kwamba kitu hicho kina mpaka, na kwamba mtoto mwenye homa kali hupelekwa zahanati kwanza. Kisha awape wanafunzi kazi: kila mmoja aende kwa mzee mmoja, kwa ruhusa yake na kwa adabu, aandike jina la mmea kwa lugha ya kwao, mahali unapoota, sehemu itumikayo, wakati wa kuchuma, namna ya kutayarisha, na hasa mzee mwenyewe anasema dawa hiyo haifai kwa nani. Jani likaushwe ndani ya gazeti, lipewe namba, na daftari libaki shuleni, pamoja na jina la mzee ikiwa ameridhia.

Daftari la namna hiyo halihitaji umeme wala maabara. Lahitaji kalamu, heshima na subira. Shule za Iramba zikilianza, na za Manyoni, za Pemba na za Newala zikafuata, baada ya miaka michache taifa litakuwa na hazina ambayo watafiti wa Muhimbili wataweza kuitumia na ambayo hapana mgeni atakayeweza kudai kuwa ameigundua yeye. Kivumbasi kitaendelea kuota kando ya njia kama siku zote, lakini wale wakijuao wanapungua kila mwaka, na kazi ya kuwauliza haiwezi kungojea.